Barua ya wazi kwa Baraza la Chuo: umahiri wa watumishi utafutwe dirishani

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Chuo, Makamu Mkuu wa Chuo, Katibu wa Chuo na Mkurugenzi wa Rasilimali Watu.

Waheshimiwa,

Rasimu ya umahiri wa msingi wa watumishi wa utawala mliyotutumia tuitolee maoni imetufikia. Inataka kila mmoja wetu awe mbunifu, mwenye maono, anayeelewana na wenzake kazini, anayewasiliana kwa ufasaha, anayejali wateja na anayepokea mabadiliko kwa moyo mkunjufu. Hakuna la kupinga hapo. Lakini futeni jina la chuo pale juu, mwandike jina la benki, la hoteli ya Entebbe au la kiwanda cha sukari cha kule Busoga, na hamtalazimika kubadilisha hata nukta. Orodha ya namna hiyo haimsaidii mjumbe wa Bodi ya Uteuzi anayetakiwa kuchagua mmoja kati ya waombaji wawili. Wala haimsaidii karani mpya anayeripoti Jumatatu akitaka kujua kazi nzuri hapa kwetu ikoje.

Mimi ni msajili msaidizi katika chuo kikuu cha umma hapa Uganda, na kabla ya hapo nilikuwa karani wa masijala. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa wengi wetu tuliotoka kaskazini na mashariki ndiyo lugha tunayosikilizana ofisini bosi akishafunga mlango. Tena Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni, nikaona barua za vyuo nazo zianze mahali. Ombi langu ni moja: rasimu hii isipitishwe kama ilivyo. Umahiri wa kazi yetu utafutwe ndani ya kazi yenyewe, kwa kuzichunguza siku ambazo mambo yalinyooka na siku yalipoharibika, kisha uandikwe kwa maneno ambayo mtu anaweza kupimwa nayo.

Nianze na masijala, maana ndiyo ninayoijua zaidi. Mwaka mmoja, wakati wa usajili, mfumo wa kompyuta ulitia alama nyekundu kwenye rekodi mbili. Jina la pili lilikuwa moja, tarehe ya kuzaliwa ile ile, kijiji kile kile, shule moja ya sekondari, hata simu ya mzazi ilikuwa moja. Mfumo ukaona ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili, na kijana wa kompyuta alikuwa ameshajiandaa kufuta rekodi moja. Mama mmoja wa masijala, ambaye cheti chake cha juu kabisa ni cha ukatibu muhtasari, akasogea, akavaa miwani, akasoma majina ya kwanza: Apio na Acen. Akasema, "Mwanangu, hawa ni mapacha. Apio katangulia, Acen kamfuata. Waache wote wasome." Kwa mtu wa kabila la Lango au Acholi hilo halihitaji maelezo, kama ambavyo Muganda haulizi akisikia Babirye na Nakato. Mama yule angekuwa likizo siku hiyo, binti mmoja angekuja kugundua katikati ya muhula kwamba hayumo kwenye orodha ya watahiniwa.

Sasa nionyesheni uwezo huo uko ukurasa gani wa rasimu. Haumo. Kwenye "kujali wateja" hauingii, maana mama yule hakuwa ameonana na mteja yeyote. Kwenye "matumizi ya teknolojia" ndiyo kabisa, kwa kuwa alichofanya ni kuikatalia teknolojia. Aliisoma rekodi akamwona mtu aliye ndani yake, akajua lini mfumo uaminiwe na lini uulizwe. Katika nchi yetu huo ni ujuzi wa kila siku. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza wasishiriki jina hata moja. Mwanafunzi huyo huyo anaandikwa hivi kwenye matokeo ya UNEB, baraza letu la mitihani, ya kidato cha nne (S4), vingine kwenye ya kidato cha sita (S6), na kwenye kitambulisho cha taifa majina yanageuzwa mbele nyuma au herufi moja inapotea njiani. Karani makini anaiona tofauti hiyo dirishani siku ya kwanza, anamwambia mwanafunzi aende akarekebishe mapema. Karani asiyeiona anapiga mhuri, na tofauti hiyo inasafiri kimya kimya hadi kwenye transkripti. Miaka minne baadaye mhitimu anahangaika na mawakili, hati za kiapo na matangazo ya kubadili jina, kwa sababu mwajiri haamini kwamba huyu na yule ni mtu mmoja.

Na hizo rekodi zenyewe zinakaa wapi? Usiku wa 20 Septemba 2020 jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililosimama tangu 1941, liliwaka moto pamoja na ofisi za utawala na fedha zilizokuwamo. Kesho yake ofisini kwetu watu walikuwa wanaulizana nakala zetu sisi ziko wapi. Nitawaachia Waheshimiwa mwulize wenyewe jibu lilikuwa nini. Nisemalo ni kwamba utunzaji wa kumbukumbu, pamoja na kujua ipi ni asili, ipi ni nakala, nani ana ruhusa ya kuigusa na ikipotea inarudishwaje, ulistahili kuwa wa kwanza kwenye orodha yoyote ya umahiri wa chuo. Chuo kikuu kinatoa kitu kimoja ambacho mtu atakionyesha maisha yake yote, nacho ni neno la chuo kwamba fulani alisoma na akafaulu. Neno hilo linakaa masijala.

La pili nitakalolikalia kidogo ni kuandika kumbukumbu za vikao. Najua linaonekana dogo. Wengi mnadhani ni kazi ya yeyote aliyekosa udhuru wa kuikwepa. Rasimu yenu imelimeza ndani ya "mawasiliano fasaha", na hapo limepotea.

Chukueni mfano wa idara iliyokaa kujadili uzito wa alama za kazi za darasani. Walibishana mchana kutwa, wakaamua zitoke 30 ziwe 40 kati ya 100. Kumbukumbu zikaandikwa hivi: "Wajumbe walijadili kwa kina suala la alama za kazi za darasani na wakakubaliana liboreshwe." Zikasomwa kikao kilichofuata, zikathibitishwa, zikatiwa saini. Baadaye mwanafunzi aliyefeli kwa alama chache akakata rufaa, akidai alihesabiwa kwa utaratibu wa zamani. Faili lilipofunguliwa, hakuna aliyeweza kusema uamuzi ulikuwa upi, ulianza na wanafunzi wa mwaka gani, na kama ulifika Seneti au uliishia mezani kwa mkuu wa idara. Maprofesa watatu walioketi kwenye kikao kile kile walikuwa na kumbukumbu tatu tofauti vichwani mwao.

Mwandishi mahiri angeandika mistari mitatu: kwamba idara imeamua uzito wa kazi za darasani uwe 40 badala ya 30, kwamba uamuzi utawahusu wanafunzi watakaoingia mwaka ujao wa masomo na si waliopo, kwamba mkuu wa idara ataupeleka kwenye bodi ya kitivo kabla ya tarehe fulani. Ili aiandike mistari hiyo, ilimbidi ainue mkono katikati ya kelele na kuuliza, "Samahani Profesa, hii inaanza na akina nani?" Kuthubutu kuuliza swali hilo mbele ya wakubwa nako ni sehemu ya umahiri, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Mwandishi anayeogopa kuonekana hajaelewa huandika "walijadili kwa kina".

Kwenye mambo ya nidhamu hatari ni kubwa zaidi. Sheria ya Vyuo Vikuu na Taasisi Nyingine za Elimu ya Juu ya 2001 inampa mtumishi nafasi ya kukata rufaa kwenye baraza maalumu la wafanyakazi. Huko hawaulizi tu kama mtu alikosa. Wanauliza pia kama aliitwa kwa barua, kama alipewa muda wa kujiandaa, kama alisikilizwa, na haya yote yameandikwa wapi. Mtu mwenye makosa ya wazi anaweza kurudi kazini na kulipwa malimbikizo kwa sababu aliyeandaa barua ya wito hakujua utaratibu. Ofisi ya sheria italaumiwa, lakini barua iliandikwa na ofisa tawala.

Kuna umahiri mwingine ambao sijui niuiteje kwa kifupi, ila kila ofisi ina mtu mmoja mwenye nao na wote tunamtegemea. Ni kuishika kalenda. Mnakumbuka 2023 nchi iliposhtuka kuona kwenye tovuti ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kwamba programu nyingi za masomo za vyuo vyetu zimeandikwa kuwa muda wa ithibati yake umekwisha. Wahitimu waliokuwa wakitafuta kazi na masomo nje waliingiwa na hofu, wazazi wakapiga simu redioni, na maelezo ya kuwatuliza yakaja kwa kuchelewa. Tulisikia lawama nyingi kuhusu Baraza hilo na kuhusu maprofesa. Ukweli wa jikoni ni kwamba programu haipitiwi upya kwa siku moja. Idara inaandika, wadau wanaulizwa, bodi ya kitivo inakaa, Seneti inakaa, ada inalipwa, ndipo makabrasha yanapelekwa. Lazima awepo mtu anayejua kwamba programu fulani itafikia tarehe yake mwakani na ambaye ataanza kumsumbua mkuu wa idara leo, kwa adabu, kila wiki, hadi mkuu wa idara achoke kumwona. Mtu huyo si mhadhiri. Ni ofisa tawala wa kitivo, na hakuna mahali popote kazi hiyo imeandikwa kwamba ni yake.

Kuhusu uadilifu nitasema machache, kwa kuwa rasimu imeutaja na hakuna asiyejua kwa nini. Anayeweza kufungua ukurasa wa alama ana mali mkononi, na wapo watu wanaokuja na bahasha. Lakini neno "uadilifu" likiachwa peke yake halipimiki. Kila mtu atajipa alama zote. Andikeni tabia: hatoi nenosiri lake kwa mwenzake hata akiwa anawahi basi, harekebishi alama bila fomu yenye saini ya mtahini na mkuu wa idara, anaripoti akiombwa kufanya vinginevyo. Na ongezeni uwezo wa kumkatalia mkubwa. Mkuu wa idara akitaka wino wa printa ununuliwe leo hii dukani kwa shemeji yake, mtumishi mahiri anaijua sheria ya manunuzi ya umma ya 2003 kiasi cha kusema, "Daktari, hili halitapita hivi, ila naweza kukuandalia maombi yakaenda kamati ya zabuni kesho." Amekataa na amefungua njia. Wapo wanaojua kukataa tu, na hao ndio wanafunzi wanaowaita watu wa "njoo kesho".

Lugha pia msiipite. Makao ya Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki yako hapa hapa Kampala, na tangu 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Wanafunzi wanatujia kutoka Kenya, Tanzania, Sudan Kusini na Kongo. Kijana wa Bunia aliyesoma kwa Kifaransa anafika dirishani na Kiingereza cha kubahatisha, namba ya malipo (PRN) ameshailipia kwa simu ya mjomba wake, mfumo haujaonyesha malipo, na usajili unafungwa Ijumaa. Akikutana na mtu anayejua Kiswahili cha kueleweka, tatizo lake linaisha pale pale. Asipokutana naye anaanza kuzungushwa toka mlango hadi mlango, hadi akutane na wakala wa nje ya geti atakayemtoza kwa jambo ambalo ni bure. Naona ajabu kwamba rasimu iliyoandikwa Uganda haina neno moja kuhusu lugha za watu wanaopanga foleni.

Mtaniuliza, kama hii orodha haifai, ifaayo itapatikanaje? Njia ipo, tena si ngeni. David McClelland, mwanasaikolojia wa Harvard, alisema 1973 kwamba alama za shule na mitihani ya akili havitabiri vizuri nani ataimudu kazi. Afadhali kuwachunguza wanaong'ara kazini na kuona wanafanya nini ambacho wenzao wa kawaida hawakifanyi. Kabla yake, John Flanagan alikuwa amefanya kazi na marubani wa jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na 1954 akaeleza mbinu yake: usimwulize mtu sifa za mfanyakazi bora, maana atakuhubiria, mwombe asimulie tukio halisi, nani alifanya nini, na ikawaje.

Basi fanyeni hivyo. Mwiteni karani wa masijala, katibu muhtasari wa mkuu wa kitivo, mhasibu, mlezi wa mabweni, mhadhiri, mlinzi wa geti na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kila mmoja kwa wakati wake. Mwulizeni: ni lini mara ya mwisho ofisi fulani ilikuokoa, na ni lini ilikuponza? Aliyehusika alifanya nini hasa? Kusanyeni visa hadi vianze kujirudia. Mkivipanga kwa mafungu mtaona mafungu machache tu, matano au sita, na hayo ndiyo yatakuwa msingi wa wote, awe msajili au mhasibu. Yanayohusu kazi moja tu, kama cheti cha uhasibu kwa watu wa ofisi ya fedha, yabaki kwenye maelezo ya kazi hiyo. Dodoso la kuweka alama kutoka moja hadi tano msilete tena. Lile la mwisho kila mtu alijaza tano kila mahali akaenda kula chakula cha mchana.

Mshauri mwelekezi bado atakuwa na kazi, maana kupanga visa hivyo kunahitaji mtu asiye na upande. Uingereza chama cha watawala wa vyuo vikuu kilikuwa na mfumo wake wa tabia tisa za kitaaluma, na sioni ubaya kuutazama. Ila watawala wa huko walijiandikia ya kwao. Kuchukua yao na kubandika nembo yetu ni kununua koti la baridi kwa ajili ya joto la Soroti.

Umahiri ukishapatikana, uanze kazi kwenye usaili. Hapo sasa tunauliza "Utaje majukumu ya Katibu wa Chuo" na mwombaji aliyekariri anashinda. Mpeni mwombaji faili lenye nyaraka kumi, moja ikiwa na jina lililogeuzwa, mwone kama ataligundua. Mpeni rekodi ya dakika kumi ya kikao chenye kelele aandike maamuzi. Mpeni barua ya mzazi aliyekasirika aijibu. Ikifika jioni mtakuwa mmejua mengi kuliko vyeti vyote vilivyo kwenye bahasha yake. Watoto wetu wa kidato cha kwanza (S1) walianza mtaala unaopima umahiri 2020, na wa kwanza wao walifanya UCE, mtihani wa kidato cha nne, 2024. Sisi wazazi wao bado tunapandishwa daraja kwa kuhesabiwa shahada.

Najua hofu iliyopo huku chini, na ni vizuri muisikie kutoka kwangu kabla hamjaisikia kwenye mgomo. Watu wanaamini zoezi hili ni fyekeo la kuwaondoa wazee wasio na shahada, akina mama wa masijala kama yule niliyemtaja. Wengine wanaamini ni njia ya kuahirisha mazungumzo ya mishahara. La mishahara lina meza yake, na chama cha wafanyakazi kinalijua. Sitaliingiza hapa zaidi ya kusema kwamba mtu hawezi kutakiwa awe mahiri kwa kiwango kipya akalipwa kwa ngazi ya zamani milele. Kuhusu fyekeo, mnaweza kuimaliza hofu hiyo kwa sentensi moja ndani ya sera: kwamba miaka miwili ya kwanza matokeo ya upimaji yatatumika kupanga mafunzo tu, na hayataingia kwenye faili la nidhamu la mtu yeyote. Bila sentensi hiyo, mkiulizia visa watu watawasimulia ngano.

Naomba basi rasimu irudishwe kwa Mkurugenzi wa Rasilimali Watu. Iundwe kamati ndogo yenye wawakilishi wa watumishi wa utawala na wa watumishi saidizi walio kwenye Baraza, mtu mmoja wa masijala asiye mkuu wa ofisi yoyote, na mwakilishi wa wanafunzi. Kamati ianze kazi wiki ya usajili wa mwaka wa kwanza, wakati foleni inafika barabarani na kila aina ya tatizo linapita mbele ya dirisha moja. Mjumbe wa Baraza atakayetaka kuketi nasi upande wa ndani wiki hiyo, aje mapema, maana tunafungua saa mbili kamili na viti ni vichache.

Wenu katika utumishi,

Msajili msaidizi, chuo kikuu cha umma, Uganda